Sura ya Sita: Gari Limeingilia Wapi?

Gari likikutwa ndani ya njia ya baiskeli, watu humrukia dereva kwanza. Huyu mlevi. Huyu leseni kanunua. Huenda ni kweli. Ila lawama hizo hazielezi kwa nini wiki inayofuata, mahali palepale, dereva mwingine mwenye akili timamu na leseni halali naye anaingia. Kosa likirudiwa mahali pamoja na watu tofauti, tatizo haliko kwa mtu peke yake. Mahali penyewe pana kasoro, na kasoro ya mahali hutibika kwa saruji, rangi, taa na miche ya miti.

Hoja ya sura hii ni moja: njia ya baiskeli inayofanana na barabara itapitiwa na magari kama barabara, hata ukiisimamishia kibao kila kona. Anayetaka dereva asipotee aanze kwa kuifanya njia yenyewe ijitambulishe.

Jambo hili si dogo. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 inasema ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka, na zaidi ya nusu yao ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki. Shirika hilohilo linasema ni asilimia 0.2 tu ya barabara za dunia zenye njia za baiskeli. Kwa hiyo mwendesha baiskeli amepewa kipande kidogo mno cha ardhi, na hicho kidogo ndicho gari linachokiingilia.

Anayepotea na anayetanua

Kabla ya kutafuta dawa, tutenganishe wagonjwa.

Wa kwanza ni anayetanua. Foleni imemchosha, anaona upande wa kushoto kuna uwazi, anapandisha tairi mbili au zote nne na kwenda. Huyu hajapotea. Anajua alipo na anajua hapaswi kuwa hapo. Wa pili ni anayeegesha: dakika tano tu, anashusha mzigo dukani, na baiskeli zote zinalazimika kumzunguka kwa kuingia kwenye magari. Wa tatu ndiye mhusika mkuu wa sura hii: dereva aliyeingia kwa kuamini kwamba yuko barabarani. Mara nyingi ni mgeni wa eneo, au ni usiku, au barabara imejengwa upya na kichwa chake bado kina ramani ya zamani.

Watatu hawa wanahitaji dawa tofauti. Anayetanua na anayeegesha wanaijua sheria, hivyo faini inaweza kuwabadilisha. Kenya iliirekebisha sheria yake ya usalama barabarani mwaka 2012 na kutaja waziwazi kuwa kuendesha gari juu ya njia ya waenda kwa miguu ni kosa. Hiyo ni hatua nzuri. Lakini faini haimfundishi kitu dereva aliyepotea, kwa sababu wakati anaingia hakuwa anavunja sheria kichwani mwake. Alikuwa anafuata lami.

Hatari ya huyu wa tatu ni kwamba anakwenda kwa mwendo wa barabarani. Gari lililo kwenye kilomita 50 kwa saa hukata karibu mita 14 kila sekunde. Mwendesha baiskeli aliye mbele yake anakwenda mita nne hivi kwa sekunde, ametulia, hatazami nyuma, kwa sababu aliahidiwa kwamba hapo hakuna gari.

Kutoka kituo cha mafuta, saa tatu usiku

Barabara ya Morogoro jijini Dar es Salaam ndiyo mahali pazuri pa kulitazama kosa hili kwa karibu. Awamu ya kwanza ya mradi wa mabasi ya mwendokasi, iliyoanza kutoa huduma Mei 2016, ilileta ukanda wa kilomita 21 hivi wenye mabasi katikati, magari mengine pembeni, kisha njia za baiskeli na za waenda kwa miguu pande zote mbili. Mradi huo uliipatia Dar es Salaam Tuzo ya Usafiri Endelevu ya mwaka 2018. Kwa mara ya kwanza mtu wa Kimara au Manzese aliweza kuona njia ya baiskeli inayoendelea kwa kilomita nyingi, si kipande cha mita mia mbili kinachoishia mtaroni.

Sasa chukua dereva anayetoka kwenye kituo cha mafuta kando ya barabara kama hiyo, saa tatu usiku, anataka kuelekea mjini. Kituo kina taa kali, macho yake yamezoea mwanga. Anasogea hadi ukingoni. Mbele yake kuna giza, na ndani ya giza hilo taa za gari lake zinamulika kwanza uso tambarare, mgumu, ulionyooka, wenye ukingo upande mmoja na mwingine. Ukingo wa zege umeshushwa pale ili magari yavuke kwenda barabarani, hivyo tairi halihisi kitu. Alama ya baiskeli iliyochorwa chini imefutika kwa kusuguliwa na tairi za kila gari linaloingia kituoni. Kibao cha duara la buluu chenye baiskeli nyeupe kipo, lakini kinawatazama wanaokuja kwa kuifuata njia, si anayeingia kwa ubavu kutoka kituoni. Dereva anakata kushoto mita tatu mapema kuliko alivyopaswa. Ameingia.

Ukihesabu, utaona kwamba karibu kila kitu kilichoweza kumwambia “hapa sipo” kilikuwa kimya. Upana ulimdanganya: njia ya baiskeli ya kwenda na kurudi hujengwa kwa kawaida mita tatu, na mita tatu ndizo pia upana wa njia moja ya gari mjini. Kimo kilimdanganya, maana hakupanda wala kushuka. Rangi ilimdanganya. Kibao hakikumwona. Dereva wa namna hii tukimwita mzembe tu, tutamwachia yule wa kesho mtego uleule.

Na hasara haiishii kwenye ajali. Mwendesha baiskeli aliyekoswakoswa mara mbili huikimbia njia yake na kurudi kwenye barabara kubwa, ambako madereva humpigia honi na kumuuliza kwa nini hatumii njia aliyojengewa. Baadaye mtu mwenye mamlaka anaitazama njia tupu na kusema haina watumiaji. Hapo ndipo wafanyabiashara na maegesho huihamia moja kwa moja.

Toronto: barabara nzuri iliyopoteza watu

Mwaka 2015 jiji la Toronto, Kanada, lilifungua upya mtaa wa Queens Quay, ulio kando ya Ziwa Ontario. Kabla ya hapo magari yalipita pande zote mbili za reli ya tramu. Baada ya ujenzi, magari yote yalisogezwa upande wa kaskazini, tramu ikabaki katikati, na upande wa kusini, ambako zamani kulikuwa na barabara, zikawekwa njia ya baiskeli ya Martin Goodman na njia pana ya matembezi iliyojengwa kwa mawe kuelekea ziwani. Kwa macho ya mtembea kwa miguu ni moja ya mitaa mizuri ya jiji hilo.

Madereva walichanganyikiwa. Wapo walioingia kwenye reli, wapo walioingia kwenye njia ya baiskeli. Sababu inaeleweka. Miaka yote upande wa kusini wa reli ulikuwa wa magari, na sasa, upande uleule, waliona lami safi yenye mstari katikati. Mazoea yaliwaambia nenda, na hapakuwa na kitu cha kutosha cha kuyapinga mazoea hayo. Jiji likalazimika kuongeza vibao na alama ambazo hazikuwepo siku ya ufunguzi.

Kisa kilichovuma zaidi ni cha handaki la tramu lililo kwenye mtaa huo. Magari zaidi ya 20 yaliingia humo katika miaka michache, mengine yakanasa kwenye reli chini ya ardhi na kusimamisha tramu kwa saa kadhaa. Shirika la usafiri la jiji liliongeza vibao, likaongeza taa za kumetameta, likaweka vizuizi na matuta madogo ya kutikisa gari. Magari yaliendelea kuingia. Mwishowe, mwaka 2018, likaweka geti linalofunguka kwa tramu tu.

Fikiria mfuatano huo. Kila hatua ya mwanzo ilikuwa ya kumwambia dereva. Ya mwisho ilikuwa ya kumzuia. Kumwambia kuna kikomo, kwa sababu dereva aliyekwisha kuamini kwamba yuko sahihi hasomi. Jicho lake linatafuta kinachothibitisha imani yake, na kibao cha nane kinapita kama cha kwanza.

New York: mwanya hauchagui

Kando ya Mto Hudson, mjini New York, iko njia ya baiskeli inayosifiwa kuwa yenye watumiaji wengi kuliko zote Marekani. Imetenganishwa na barabara kuu, lakini kila baada ya kitambo inakatwa na viingilio vya magari yanayokwenda kwenye gati na maegesho ya upande wa mto.

Desemba 2006 dereva aliyekuwa amelewa alitoka kwenye maegesho, akaingia njia hiyo akiidhania barabara, akaenda kwa kasi umbali wa zaidi ya kilomita moja na kumuua kijana wa miaka 22 aliyekuwa kwenye baiskeli yake. Watetezi wa usalama wa waendesha baiskeli walidai viingilio vile viwekewe nguzo. Miaka ikapita na mianya mingi ikabaki wazi. Tarehe 31 Oktoba 2017, mtu mwenye nia ya kuua aliingiza gari la kukodi kwenye njia hiyohiyo na kuua watu wanane. Ndani ya siku chache vizuizi vya zege viliwekwa kwenye viingilio, na baadaye nguzo za kudumu.

Mlevi wa 2006 na muuaji wa 2017 hawafanani kwa nia hata kidogo, lakini wote walihitaji kitu kimoja: upenyo wa upana wa gari. Mtu anayesema hakuna haja ya kuziba upenyo kwa ajili ya madereva wachache wanaopotea, akumbuke kwamba hauzibwi kwa ajili yao peke yao.

Nguzo ni dawa, na dawa ina kipimo

Baada ya visa kama hivyo, jibu la haraka la kila mtu ni nguzo: simika chuma katikati, basi. Hapa inabidi tuwe waangalifu, kwa sababu nguzo iliyowekwa vibaya huwaumiza walewale inaodaiwa kuwalinda. Mwendesha baiskeli anayefuata mwenzake kwa karibu haioni nguzo mpaka mwenzake akwepe. Usiku, nguzo ya kijivu isiyo na kiakisi mwanga haionekani kabisa. Uholanzi, nchi yenye baiskeli nyingi kuliko watu, imefanya kazi kubwa ya kuzikagua nguzo zake na kuzing’oa zisizo na sababu.

Mwongozo wa njia za baiskeli wa mwaka 2012 wa AASHTO, chama cha idara za barabara za majimbo ya Marekani, una msimamo huohuo: nguzo zisiwekwe kwa mazoea. Ziwekwe pale tu panapojulikana kuwa magari huingia, na baada ya njia nyingine kushindikana. Zikiwekwa, kuna masharti. Ziwe moja au tatu, kamwe zisiwe mbili, kwa sababu mbili huacha uwazi mmoja wa katikati na kuwavuta wanaokuja na wanaokwenda wakutane humo. Nafasi kati yake iwe mita 1.8 hivi. Kimo kiwe mita moja hivi ili aliye kwenye baiskeli aione. Ziwe na viakisi mwanga, zitanguliwe na mistari chini inayoonya, na zisogezwe ndani kutoka ukingo wa barabara ili anayevuka asikumbane na gari na nguzo kwa wakati mmoja.

Masharti hayo yalitungwa kwa nchi isiyo na bajaji. Gari dogo lina upana wa mita 1.7 hivi, kwa hiyo nafasi ikibanwa hadi mita 1.5 inalizuia. Bajaji ina mita 1.3, inapita bila kupunguza mwendo. Ukibana hadi mita 1.2, bajaji imekwama, lakini guta lililojaza mzigo na baiskeli ya magurudumu matatu ya mtu mwenye ulemavu navyo vimebanwa, na hao ndio wenye haki ya kwanza ya njia hiyo. Bodaboda ndiyo kabisa: popote baiskeli inapopita, bodaboda inapita.

Maana yake ni kwamba nguzo zinamaliza tatizo la magari ya magurudumu manne na kuishia hapo. Bodaboda inahitaji tiba ya chanzo. Mara nyingi mwendesha bodaboda anapita njia ya baiskeli, tena akienda kinyume, kwa sababu barabara pana imefungwa katikati na sehemu ya kugeuza iko mbali. Mpe sehemu salama ya kugeuza karibu, mtengee kijiwe nje ya njia ya baiskeli, kisha ndipo trafiki asimame na faini yake. Faini bila hivyo vitu viwili itadumu siku ambazo trafiki yupo.

Njia inayojieleza

Zipo mbinu zinazofanya kazi bila kumgonga mtu. Ya kwanza ni kugawa mlango. Mahali njia ya mita tatu inapokutana na barabara, inapasuliwa kuwa mbili za mita 1.5, katikati panawekwa kitalu cha mimea mifupi. Dereva anayekaribia haoni tena njia ya upana wa gari. Anaona vijia viwili na maua. Gari la wagonjwa likihitaji kupita, linapita juu ya mimea hiyo.

Ya pili ni kimo. Waholanzi walianza kuitumia fikra hii kwa mpangilio kupitia sera yao ya usalama iitwayo Duurzaam Veilig, iliyotolewa mwaka 1992. Moja ya misingi yake ni kwamba barabara inapaswa kumwonyesha mtumiaji, kwa umbo lake, yeye ni nani hapo na aende vipi. Kwenye makutano ya mtaa mdogo na barabara kubwa, mara nyingi njia ya baiskeli haishuki. Inaendelea kwa kimo chake na rangi yake nyekundu, na gari ndilo linalopanda tuta, linavuka, linashuka. Dereva anahisi kwenye usukani na kwenye kiti chake kwamba amekatiza eneo la wengine. Huhitaji kujua kusoma wala kuwa mwenyeji ili kuhisi tuta.

Ya tatu ni rangi na uso. Njia nzima ikiwa na rangi moja isiyotumika barabarani, na hasa pale magari yanapokatiza, jicho linapata habari kabla tairi halijafika. Rangi ya kuchora hufutika upesi kwenye viingilio, hivyo ni bora rangi iwe ndani ya lami au matofali yenyewe.

Ya nne ni mwanga. Taa moja iliyoelekezwa kwenye kiingilio, juu ya alama ya baiskeli, inafanya kazi usiku kucha.

Ya tano haionekani barabarani: ni ramani za simu. Njia ya baiskeli ikisajiliwa kimakosa kama barabara, simu itampeleka mgeni humo kwa sauti ya upole na uhakika. Ramani huria ya OpenStreetMap huruhusu mtu yeyote kusahihisha, na Dar es Salaam ina watu wenye ujuzi huo, maana mradi wa Ramani Huria ulianza kuwafundisha wanafunzi na wakazi kuchora mitaa yao tangu mwaka 2015. Jioni moja ya vijana wachache inaweza kusahihisha njia zote za ukanda mmoja.

Ukijikuta humo

Kwa dereva, maneno machache. Dalili za kuwa umepotea ni hizi: hakuna gari mbele yako, watu wanakutazama, ukingo uko karibu mno pande zote mbili, na barabara yenye magari unaiona kulia kwako ikiwa imetenganishwa nawe. Ukiona dalili hizo, usiongeze mwendo ili utoke haraka. Simama. Washa taa za dharura. Usirudi nyuma kwa kubahatisha, kwa sababu baiskeli zinakuja nyuma yako bila kelele. Ukiwa na abiria, ashuke akuongoze. Toka kwenye uwazi wa kwanza, kwa mwendo wa mtu anayetembea, na mwenye baiskeli apite kwanza.

Kazi iko kwa nani

Fedha kwa kazi hii si nyingi ukilinganisha na gharama ya barabara yenyewe. Nairobi, katika sera yake ya mwaka 2015 ya usafiri usiotumia injini, ilijiwekea lengo la kutenga angalau asilimia 20 ya bajeti ya usafiri kwa waenda kwa miguu na waendesha baiskeli. Ahadi ya namna hiyo ikitekelezwa hata nusu, ingetosha kurudishia alama zilizofutika na kuweka taa kwenye viingilio, mwaka hadi mwaka. Kwa upande wa Tanzania, wakala za barabara TANROADS na TARURA zinaweza kuanza kwa orodha tu: kila mahali ambapo gari linaweza kuingia njia ya baiskeli, kituo cha mafuta kwa kituo cha mafuta, yadi kwa yadi. Wenye vituo hivyo nao wawajibishwe kutunza alama mbele ya milango yao, kwa kuwa ni magari ya wateja wao yanayozifuta.

Nawe msomaji unayepita hapo kila siku una sehemu yako. Ukiona gari ndani ya njia ya baiskeli, usiishie kupiga picha namba ya gari na kuisambaza kwenye kundi la WhatsApp. Piga picha ya mahali lilipoingilia, ipeleke serikali ya mtaa na kwa wakala mwenye barabara, na uulize wataziba lini. Na ninyi wahandisi mnaopokea miradi kutoka kwa makandarasi, tembeeni njia yote usiku, kwa gari, kama wageni, kabla ya kutia saini. Njia ya baiskeli ambayo gari linaweza kuiingia kwa bahati mbaya haijamalizika kujengwa, na isipokelewe.